Filamu Tuliyoisimamisha kwenye Kiapo

Kwetu filamu haikutazamwa hivi hivi. Ilikaguliwa kwanza. Baba, mwinjilisti mstaafu, ndiye alikuwa mkaguzi wetu, na si wetu peke yetu. Nusu ya washirika wa mtaa wetu pale Karatu walimletea flashi zao mkononi: "Mzee, hii watoto wanaweza kuangalia?" Baba aliitazama peke yake Jumamosi mchana, miwani imeshuka puani, na Jumapili baada ya ibada akatoa uamuzi. Hii ina matusi. Hii ina uchawi. Hii ni nzuri, ila pale katikati mama asimame. Maana kusimama ndiyo ilikuwa kazi ya mama. Baba akisema tu "Mama!", yeye ananyanyuka, anatandaza khanga mbele ya televisheni kwa mikono miwili, nasi tunabaki kusikiliza muziki mpaka mambo yapite. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani mwenye kibaraza changu mjini na wateja wangu, na bado nazibiwa televisheni kwa khanga! Nilikasirika kila mara. Na mimi nikikasirika, hata majirani hujua.

Jumapili ninayoisimulia, baba alileta filamu ya mahakama. Ilikuwa ya nje, lakini imetafsiriwa, na unajua zile zinavyokuwa: jamaa mmoja mwenye sauti nzito anawasemea wote, hakimu yeye, mke wa hakimu yeye, na akichoka anachomekea utani wake. Baba aliisifu tangu mlangoni mwa kanisa. Hakuna busu hata moja, alisema, ni watu wazima wamevaa suti wanabishana juu ya haki. Tuliketi wanne: baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa dereva wa bodaboda siku sita na mwimba kwaya siku ya saba. Bado alikuwa na shati lake la kwaya, la bluu ya mawingu. Mama alikuwa ameinjika maharage jikoni, nje, kwenye kuni.

Filamu ilitushika, sitaki kudanganya. Kijana ameshitakiwa kumuua mwenye duka. Sisi watazamaji tulikwisha kuonyeshwa kwamba ni yeye, lakini pale mahakamani hakuna aliyejua. Wakili anazunguka, anapiga meza, mara paa, anamwita mama wa kijana. Mama yule akapanda kizimbani, akashika Biblia, akainua mkono wa kulia, akasema usiku ule mwanangu alikuwa nyumbani, tulikuwa tunakula. Baba akabonyeza rimoti. Yule mama akabaki ameganda kwenye kioo, mkono juu, mdomo wazi.

"Haya," baba akasema, akasimama kando ya televisheni. "Huyu mama anafanya nini?"

"Anadanganya," nikadakia, maana mimi ndiye wa kwanza siku zote. "Tena kwa Biblia! Yule marehemu naye alikuwa na mama. Mimi mtu wa namna hii simhurumii hata kidogo. Hata angekuwa mama yangu mzazi."

"Ehee, nimesikia," mama akasema, akacheka. Kisha akatulia. "Lakini msimhukumu mama wa watu. Mngembeba nyinyi tumboni ndiyo mngejua. Mimi sijui ningefanya nini."

Mdogo wangu alikuwa anachezea simu. Baba alipomuuliza, akasema angekuwa yeye hakimu angewaachia wote waende nyumbani wakalale. Baba hakucheka. Alisema jambo hili ni zito, nchi imejaa watu wanaoapa kwa midomo, kwa hiyo kabla hatujaendelea tupige magoti tuwaombee wote wanaoitwa kutoa ushahidi.

Hapo sasa ni lazima nieleze sala za baba. Baba akianza kusali, humalizi leo. Anaanza na familia, anapanda kwa wachungaji wote, anashuka kwa wakulima wa Mbulumbulu na ngano yao, anakwenda mpaka Mang'ola kwa wenye vitunguu na malori yao, anarudi kwa wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Tulizoea. Tulipiga magoti tukiwa tumegeukia viti vyetu, viwiko kwenye mto, migongo tumepeana. Kila mtu na mbinu yake. Mbinu ya mdogo wangu niliijua mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani. Alikuwa na abiria wake wa kila Jumapili, mpishi wa hoteli moja iliyo njia ya kwenda geti la Ngorongoro, anayetakiwa kuingia kazini saa tisa. Sala ikishika kasi, yeye anatambaa mpaka mlangoni, anaisukuma pikipiki bila kuiwasha hadi barabarani, anampeleka mpishi, anarudi, anapiga magoti, na "Amina" yake inakuwa kubwa kuliko za wote. Mimi nilikuwa nafumbua macho nikiona nafasi yake tupu, nabana kicheko kwenye mto. Nilimwona mjanja. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa.

Siku ile nilifumbua macho baba alipofika kwa wakulima. Kando ya kabati la vyombo, mahali pake, hapakuwa na mtu. Nikafumba tena. Baba alipokuwa anamalizia wagonjwa, nikasikia pumzi nyuma yangu, pumzi za mtu aliyekimbia. "Amina" ya mdogo wangu haikutoka. Tuliendelea na filamu, na mama alipogawa chai niliona kikombe chake kinagonga sahani. Nikamkonyeza kumtania. Hakunitazama.

Jua halijazama, tukapata habari. Mama wa maziwa amegongwa.

Mama huyu tulimjua miaka mingi. Ni Mmasai aliyetoka juu kule Ngorongoro, akahamia kwa ndugu zake karibu na mjini, na kila asubuhi alipita kwetu na dumu lake. "Takwenya," mama anamsalimu kwa Kimasai akiwa bado mbali, naye anajibu "Iko," wanaanza kusemezana mpaka chai inachemka na kumwagika. Jumapili ile alikuwa anarudi kutoka kuwaona wajukuu. Pikipiki ilitoka kwenye kona, ikamrusha mtaroni, paja likavunjika. Alilala pale hadi watu waliokuwa wanatoka kwenye ibada ya ushirika walipomwokota. Alichokumbuka ni pikipiki nyekundu na shati la bluu ya mawingu. Polisi wakaokota barabarani kipande cha taa ya indiketa.

Wanaume wa kwaya wenye shati lile walikuwa kumi na wawili. Wenye pikipiki nyekundu walikuwa wawili. Iliyokosa indiketa ilikuwa moja. Walipomchukua mdogo wangu, alisema neno lile lile kila alipoulizwa: nilikuwa nyumbani, tulikuwa tunatazama filamu kisha tukasali, kamuulizeni baba yangu. Na baba, ambaye hata mpagani wa Karatu angemwamini, akasema ni kweli, tulianza wote na tukamaliza wote. Akamwekea dhamana.

Mdogo wangu alinifuata kibarazani pangu siku mbili baadaye, asubuhi. Magari ya watalii yalikuwa yanapita kwenda kreta, vumbi jekundu linatua kwenye vitambaa vyangu. Nilisimamisha cherehani.

"Ulikuwa wewe?"

"Dada, kampuni ya utalii imenikubali. Mwezi ujao naanza kuendesha wageni. Nikifungwa, leseni imekwenda, kazi imekwenda, kila kitu kimekwenda."

"Nimekuuliza, ulikuwa wewe?"

"Wewe sema tu nilikuwepo. Baba atasema, mama atasema. Ukisema tofauti wewe peke yako, baba anakuwa mwongo mbele ya watu. Unataka baba awe mwongo?"

Nikamtukana. Yaani nilimtukana matusi ambayo baba angeyakata kwenye filamu yoyote, hadi mteja wangu aliyekuwa anasubiri gauni akatoka nje. Mdogo wangu alisikiliza yote, ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo?" Nikarudi kwenye cherehani. Kilichonitia hasira zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli kuhusu baba. Mzee wa watu alikuwa anakwenda kuapa kwa uhakika wote jambo ambalo hakuliona, kwa sababu haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtoto wake anaweza kutoka kwenye sala.

Miezi mitatu tuliishi hivyo. Hatukutazama filamu tena. Ile ya mahakama hatukuimaliza, na flashi ilibaki imechomekwa kwenye televisheni kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa. Mama alikonda. Sikujua kwa nini, na sikumuuliza, maana ningemuuliza naye angeniuliza.

Siku ya utetezi kulikuwa na ukungu, ile baridi ya Karatu inayoingia hadi kwenye meno. Mdogo wangu hakuwa na wakili. Alijitetea mwenyewe, na mashahidi wake ni sisi watatu. Tuliketi kwenye benchi nje, kwa sababu shahidi haruhusiwi kusikia mwenzake anasema nini. Kando yetu walikuwa watu wa Mang'ola waliokuja kushitakiana juu ya zamu ya maji ya kumwagilia, na huku wanagawana hindi moja la kuchoma.

Baba aliitwa kwanza. Sauti yake imezoea mahubiri, ukuta haukuizuia. Nilimsikia vizuri: "Wanangu wote walikuwa magotini mbele za Mungu." Nikabana mikono katikati ya magoti. Kisha wakamwita mama. Shahidi akimaliza anabaki ndani, kwa hiyo nikabaki peke yangu.

Mama anaongea chini. Nilisikia tu hakimu akimwambia, "Polepole mama, ninaandika." Kimya. Mwendesha mashtaka akasema kitu. Kimya tena, kirefu. Halafu mdogo wangu akaita kwa nguvu, "Aayo!" Ndivyo tunavyomwita mama nyumbani, kwa Kiiraqw, lakini mahakamani mtu anasema "shahidi". Nikajiambia, mama ameapa uongo, wamembana, na sasa analia.

Wakaniita. Nilipoingia, baba alikuwa anatazama sakafu. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, machozi yanatiririka. Mdogo wangu kule kizimbani amekunja karatasi ya maswali yake mpaka imekuwa kidonge. Nikawatazama wote watatu nikaona jambo moja tu: mama amedanganya kwa ajili yake, na mimi nikisema kweli hawatafunga mtu mmoja, watafunga wawili. Yule mama niliyesema simhurumii, leo alikuwa wangu. Karani akanipa Biblia. Nikaapa.

Haikuwa kama kwenye filamu. Hakuna aliyezunguka, hakuna aliyepiga meza. Hakimu, mama mmoja aliyejifunga mtandio wa sufu shingoni, alikuwa anaandika kila neno kwa mkono, na kalamu yake ikikwama tunasubiri.

"Shahidi," mdogo wangu akasema, "mimi ni nani kwako?"

"Mdogo wangu."

Akafungua ile karatasi, akaikunja tena. "Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Alikuwa ananifungulia mlango. Leo naliona hilo wazi, alikuwa ananiambia shuka, dada, nenda. Lakini mimi ni mtu gani wa kunyamaza? Nilidhani ameogopa, nilidhani anaharibu. Nikasema kabla mtu hajaniuliza:

"Alikuwepo, Mheshimiwa! Alikuwepo sala nzima!"

Mdogo wangu akafumba macho. Mwendesha mashtaka akainuka taratibu, kijana mpole, hata sauti hakupandisha.

"Ulikuwa umefumba macho wakati wa sala?"

"Nilifumbua. Nikamwona."

"Alikuwa wapi?"

"Kando ya kabati la vyombo. Amepiga magoti, kichwa kwenye mto wa kochi."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyokuona wewe."

Kalamu ya hakimu ikakimbia, ikasimama. Mwendesha mashtaka akaniambia nigeuke nimtazame mama yangu. Nikageuka.

"Mama yako ameiambia mahakama hii, baada ya kuapa kama wewe, kwamba sala ilipokuwa ndefu alitoka kwenda kuongeza maji kwenye maharage. Akaona pikipiki haipo uani. Akarudi ndani, na mahali pa mshitakiwa kando ya kabati palikuwa patupu. Wewe unasema alikuwepo. Sasa nisaidie, shahidi. Kati yako na mama yako, mwongo ni nani?"

Mungu wangu. Mama, aliyesema hajui angefanya nini, ndiye aliyesema kweli, tena mbele ya mumewe, akikiri na yeye alikuwa anatoroka sala. Na mimi mwenye mdomo mpana nimesimama pale, jibu ni moja kati ya mawili: nimwite mama mwongo, au nimfunge mdogo wangu. Nilisikia mtu wa Mang'ola anakohoa nje.

"Shahidi, jibu," hakimu akasema.

Hadi leo sijui ningejibu nini, na wanaoniambia wanajua ningejibu nini nawashangaa sana.

"Mheshimiwa," mdogo wangu akasema, "mwacheni dada yangu ashuke. Mama amesema kweli. Ni mimi."

Hakimu akaweka kalamu. Alimuuliza mara tatu kama anaelewa anachosema, na mara tatu akasema anaelewa. Ndipo akamuuliza swali ambalo sisi nyumbani hakuna aliyethubutu kuliuliza miezi yote mitatu. Kwa nini hukusimama?

"Nilisimama, Mheshimiwa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nimeshamshusha abiria wangu, narudi. Nilizima pikipiki. Nilimsikia yule mama anaita, anaita kwa Kimasai. Nikaangalia saa. Nikaona baba ameshafika kwa wagonjwa, anakaribia Amina."

Baba akasimama. Hakuna aliyemwita. Alishika benchi la mbele kwa mikono miwili, akasema, "Mheshimiwa, naomba maneno yangu yafutwe. Niliapa kitu ambacho sikukiona." "Kaa, mzee," hakimu akasema. "Nimekwisha kuyaandika." Baba hakukaa. Ilibidi mama amshike mkono.

Mdogo wangu alipewa miezi minane, na leseni ikachukuliwa. Mimi hakimu alinikaripia kwa dakika chache ambazo sitaziandika hapa, akasema nimshukuru mdogo wangu kwamba sikumaliza kujibu.

Kuna jambo sijalisema tangu mwanzo, kwa sababu naona haya kulisema. Miezi ile mitatu, aliyekuwa anampelekea mama wa maziwa uji hospitalini ni mimi. Mama aliupika, mimi niliubeba. Nilimnywesha kwa mkono wangu. Kila siku aliniuliza swali moja, kwa kile Kiswahili chake cha taratibu: yule kijana labda hakuniona, eeh? Jua lilikuwa machoni pake, labda. Na kila siku nilimjibu, ndiyo mama, labda hakukuona. Akanywa, akalala ametulia.

Alikuwepo mahakamani siku ile, kwenye benchi la nyuma, na magongo yake. Alisikia kila neno. Tulipotoka alinisubiri mlangoni.

"Zile siku zote za uji," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwamba nilimwita, akasikia?"

"Hilo sikujua, mama. Nilijua ni yeye. Hilo la kukusikia nimelijua leo, pamoja na wewe."

Nilitamani anitukane, anipige hata na gongo lake, ningesema asante. Alisema tu, "Sawa, binti," akageuka kuanza kushuka ngazi. Mama akamkimbilia, akamshika kiwiko, wakashuka pamoja ngazi moja baada ya nyingine bila kusemezana. Nilitaka kwenda kumshika upande wa pili. Nilibaki nimesimama na baba pale juu, tunawatazama.